Mpepo wa Kasungami

Vijana wa kituo cha hali ya hewa, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkacheka mkisema sasa Papa, kama mnavyoniita mimi mzee wenu, hana tena sababu ya kumtangulia jogoo. Saa ipo ukutani, na mimi bado naamka. Nakaa Hewa Bora, mtaa wenye jina la kumfaa mtu aliyepima hewa maisha yake yote, ingawa hewa yenyewe ni vumbi na moshi wa makaa. Naamka, natoka uani, naangalia kama majani ya mpapai yanatikisika, kisha nakumbuka kwamba sina wa kumwambia. Narudi ndani. Natoka tena.

Siku ile ile mmoja wenu, Trésor, alinionyesha kwenye simu picha ya meli ya hewa, ile baluni ndefu yenye injini na chumba cha abiria tumboni. Alisema Wazungu wanataka tena kusafirisha watu kwa chombo hicho. Mkaniuliza wote pamoja: "Papa, kwetu huku inawezekana?" Nikasema sijui, nikanywa soda yangu. Niliwadanganya. Nilijua habari hiyo kuliko ninavyopenda kuijua, na tangu siku ile haijanipa raha, ndiyo maana naandika. Vyeo na mishahara siviweki humu. Vilichelewa vyote, na serikali yenyewe ilinisahau kazini miaka mingi baada ya umri wa kupumzika.

Niliingia kituoni muda mfupi kabla Katanga haijajitenga, nikiwa nimetoka tu sekondari kwa mapadri, na Kifaransa changu kimepigwa pasi kuliko shati langu. Kituo kilikuwa nyumba ndogo ya matofali kando ya uwanja wa ndege. Mkubwa wa wapimaji alikuwa Ba Mwansa, Mubemba wa upande wa Luapula, mtu mfupi mwenye kiko mdomoni. Kiko hicho hakikuwashwa hata siku moja ndani ya ua, maana tulitengeneza wenyewe gazi ya kujazia baluni, kwa soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, ndani ya chupa ya chuma, na gazi ile inalipuka. Alikinyonya kitupu. Alisema kinamsaidia kufikiri, na tumbako ingemsaidia kufa.

Baluni, ambayo sisi tuliita balo, ilikuwa ya mpira mwembamba. Unaijaza, unaifunga shingo, unaiachia, halafu unaifuata kwa teodolite, ile darubini yenye duara za kusomea pembe. Kwa pembe hizo unajua huko juu upepo unakwenda wapi na kwa nguvu gani. Nyeupe kwa mbingu safi, nyekundu kwa mawingu. Leo mashine inawafanyia hayo yote, lakini jifunzeni kwa mkono, mashine zetu mnazijua.

"Shika shingo yake sawa shingo ya kuku unapenda," Ba Mwansa aliniambia siku ya kwanza.

Mimi niliishika kama ya kuku ninayetaka kumla. Ilipasuka usoni mwangu. Ba Mwansa aliangalia vipande chini, akatoa kiko mdomoni.

"Leo upepo ya juu hakuna," akasema. "Imefia huku chini."

Fundisho lake lilikuwa moja, na alilirudia hata siku ambazo hakuna aliyemuuliza: andika ulichoona, si ulichosikia. Nilidhani ni maneno ya mtu asiyejua kusikiliza.

Kisha Katanga ikajitenga. Tulipata bendera mpya, stempu mpya, pesa mpya. Upepo ulibaki ule wa zamani, nasi tukaendelea kuupima. Askari waliweka mapipa kwenye njia ya ndege ili adui asitue, wakati mwingine hata rafiki hakuweza kutua. Reli ya kwenda kaskazini ilikatwa, ikatengenezwa, ikakatwa. Siku moja askari waliifyatulia risasi balo yetu na wakashangilia sana ilipopotea. Ilikuwa imeingia kwenye wingu. Hatukuwaambia.

Kwetu sisi wa asili ya Kasai mambo yalikuwa magumu zaidi. Baba yangu alikuja Katanga kufanya kazi ya reli, akazikwa hapa hapa. Mimi na mdogo wangu Ngalula tulizaliwa hapa. Nyumbani tulisema Kiluba cha Kasai, barabarani Kiswahili. Ghafla majirani walianza kutuuliza kwetu ni wapi. Kabeya, mume wa Ngalula, alikuwa mwalimu. Usiku mmoja walivunja madirisha ya nyumba yake, naye akakimbilia Bakwanga, mji wa Kasai ambao leo ni Mbuji-Mayi. Ngalula alikuja kukaa kwangu na mtoto mchanga mgongoni. Haukupita muda Kabeya akatuma neno kwa mdomo wa msafiri: nimepata nyumba, kuja mbele ya mvua, yaani kabla haijaanza.

Kulikuwa na treni zilizokuwa zikichukua watu wa Kasai kuwarudisha, nyingine na walinzi, nyingine bila. Ngalula alipata nafasi. Na hapo ndipo Bwana Delcourt alipoingia katika maisha yetu.

Delcourt alikuwa mhandisi wa kampuni moja ya usafirishaji ambayo haipo tena. Alikuja kituoni na mabunda ya karatasi zilizoviringishwa kwapani, akayakunjua juu ya meza yetu bila kuomba ruhusa, akaweka teodolite yetu juu yake yasipeperuke. Ilikuwa michoro ya meli ya hewa. Alisema moja ndogo imelala kwenye banda huko Ulaya, haina kazi, na wakubwa wake wako tayari kuikodi kama atawaonyesha mahali pa kuitua na saa ya kuitua.

"Ndege inataka nini?" alituuliza kwa Kiswahili chake cha kuamuru wapishi. "Inataka barabara murefu. Barabara iko na mapipa. Treni inataka reli. Reli banakata. Hii inataka majani, na muti moja ya kufunga kamba. Basi!"

"Na mvua ya mwezi wa kumi na moja?" Ba Mwansa aliuliza. "Ile radi?"

"Mwezi ile italala. Hata ndege inalala."

"Na gazi? Hii yetu inalipuka."

"Kuko gazi ingine, hailipuke. Iko Amerika."

"Basi iko mbali," alisema Ba Mwansa, akarudisha kiko.

Lakini walizungumza mpaka jioni, na mimi nilisikiliza kama mtu anayesikia habari za harusi yake. Nitawaambia jibu ambalo sikulitoa siku ya kuagana. Chombo kile hakikuwa ndoto ya mlevi. Kinakwenda polepole kuliko ndege, lakini kwa safari ya Bakwanga, ambayo kwa barabara iliweza kula juma zima na ekseli mbili, polepole ile ilikuwa mbio. Kinapita chini, abiria anaona nyumba na mito. Injini ikizimika hakianguki kama jiwe. Ubaya wake ni kutua. Kinahitaji watu wengi wa kushika kamba, na upepo wa chini ukikikamata ubavuni kinageuka shuka kwenye waya. Tena sisi tuko juu ya uwanda, hewa yetu ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi, hivyo chombo hubeba watu wachache. Kwa hiyo palihitajika saa ambayo hewa ni baridi, nzito, na imetulia. Delcourt alitaka iwe alfajiri ya kiangazi. Alichagua uwanda wa Kasungami, ambako wakati huo kulikuwa na mashamba tu, akanituma mimi nikachunguze upepo wa kule.

Jioni ile nilimwambia Ngalula asipande treni.

"Yaya," aliniuliza, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "hiyo balo itakuya lini?"

"Kiangazi hiki. Utakaa kwa kiti, mutoto kwa magoti. Hata vumbi hautapata."

"Na treni?"

"Treni inapita kwenye bantu banatupa majiwe."

Ilikuwa kweli, walitupa mawe. Ilikuwa kweli pia kwamba nilitaka dada yangu awe abiria wa kwanza, watu waseme ni dada wa yule kijana wa balo. Ngalula alimpigapiga mtoto mgongoni taratibu. Halafu akasema, "Sawa, yaya." Nafasi yake ya treni alimpa jirani yetu, ambaye alifika salama.

Nilikwenda Kasungami kwa baiskeli mwezi wa sita. Mnajua alfajiri ya mwezi wa sita hapa kwetu, majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Nilitakiwa kufika gizani, nisimame uwandani na kipima upepo mkononi. Nililala mpaka jua lilipotoka, kwa sababu ya baridi. Nilipofika watu walikuwa wameshaanza kulima, nami nikaona si kitu, nitawauliza. Wao wanaamka hapa kila siku.

Wa kwanza alikuwa Mama Chola, Mulamba, aliyekuwa akiinua matuta ya viazi. Kiswahili chake kilikuwa nusu, Kilamba changu hakikuwepo.

"Mama, asubuhi mapema, huku kunakuwaka upepo?"

"Mpepo?" Aliacha jembe. "We tata! Asubuhi kuko mpepo, we! Mpepo ya kuua. Hata mbuzi inakatala kutoka."

"Na inaishaka saa ngapi?"

"Jua ikipanda, inapunguka. Midi, mpepo hakuna tena."

Niliuliza nyumba nyingine, na nyingine. Wote walisema mpepo, wote walisema inakwisha jua likipanda. Kwetu, katika Kiluba cha Kasai, upepo ni *mupepele*. Kwa Kiswahili ni upepo. Mpepo ingekuwa nini kingine? Nilirudi mjini nikipiga mluzi, nikamwambia Delcourt kwa Kifaransa changu kilichopigwa pasi kwamba alfajiri ya Kasungami ina upepo mkali, na kwamba hutulia mchana. Alikunja uso, maana mchana hewa ni nyepesi. Lakini upepo alikuwa akiuogopa zaidi. Akaamua jaribio lifanywe mchana.

Ba Mwansa peke yake hakuridhika.

"Huku asubuhi hata jani haitikisike," alisema. "Kule kuko upepo? Uliona?"

"Bantu bote ba kule banasema."

"Banasema je?"

"Banasema kuko upepo."

Nilikuwa nimeshamtafsiria. Kama ningemrudishia neno lenyewe kama lilivyotoka mdomoni mwa Mama Chola, yeye Mubemba angelijua pale pale, maana Kibemba na Kilamba ni ndugu. Lakini kazi ile ilikuwa yangu, ya kwanza kupewa na Mzungu bila kupitia kwake, na sikutaka aiguse.

Jaribio halikuwa la meli yenyewe. Delcourt alipata baluni kubwa ya zamani, ya kufungwa kwa kamba, ikiwa na kikapu cha kubeba watu wanne. Alitaka wakubwa waone jinsi inavyokaa karibu na ardhi ya Kasungami. Wakiridhika, wataagiza meli. Walikuja kwa magari mawili, na miwani ya jua. Watu wa mashamba walikuja wote. Ngalula naye alikuja, amevaa kitenge chake kizuri, kama mtu anayekwenda stesheni. Nilimwona akiwa amesimama mbali kidogo na wengine, anaangalia magari, haangalii baluni.

Majani yalikuwa yameshachomwa, uwanda wote mweusi, na jua lilikuwa linaupiga. Niliingia kwenye kikapu mimi na magunia ya mchanga. Wafanyakazi walishika kamba, Ba Mwansa mbele yao. Tulipanda polepole, juu ya paa la nyumba, juu ya miti. Sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda ukimya ule. Nilimpungia mkono Ngalula.

Kwanza niliona majivu yakinyanyuka upande wa kusini, yakizunguka, halafu kile kimbunga kidogo kikatembea kuja kwetu kama mtu aliyeitwa. Mnavijua vimbunga vya mchana wa kiangazi. Baluni ililala ubavu. Kamba ziliwachoma watu mikono, mmoja akaachia, wa pili akaachia, na mtu akimwona mwenzake ameachia hawezi kubaki peke yake. Ba Mwansa alibaki. Aliburutwa kwa tumbo juu ya majivu, kiko bado mdomoni, mpaka kikapu kilipogonga chini na kitambaa kikapasuka kwenye kichuguu kimoja kirefu kuliko nyumba. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye alivunjika mkono sehemu mbili.

Delcourt alisimama na mikono kichwani. "Mais le vent!" alikuwa akisema. "Mchana hakuna upepo! Banasema!"

Mama Chola alikuja karibu, akaangalia kitambaa kwenye kichuguu, akaniangalia mimi.

"Juu ya nini hamukukuya asubuhi?" aliuliza. "Asubuhi huku kunakuwaka kimya. Moshi inapanda muzuri, sawa muti."

"Mama, si ulisema asubuhi kuko mpepo!"

"Eee! Mpepo!" Alijikumbatia mabega, akatetemeka, akagonganisha meno. "Mpepo! Baridi, tata!"

Watu walicheka. Mcheko ulipita kwa wafanyakazi, ukafika kwa madereva wa wakubwa. Hata Ba Mwansa, amekaa chini na mkono umening'inia, alicheka mpaka machozi yakafanya mifereji kwenye majivu ya uso wake.

"Mutoto wa Kasai," alisema, "kwetu upepo ni *umwela*. Mpepo ni ile ilikufanya ulale kwa blanketi."

Hakuwa ameambiwa kwamba nililala. Alinijua tu. Mkono ule haukunyooka tena vizuri. Hakuweza kufunga shingo ya balo, nikawa namfungia mimi mpaka alipoondoka kazini, wala hakunitupia neno la lawama hata siku moja. Nilikuwa nikitamani alitupe.

Milango ya magari ya wakubwa ilifungwa, na habari ya meli ya hewa ikafungwa nayo. Baridi ndiyo hasa tuliyokuwa tukiitafuta, vijana. Hewa nzito, iliyotulia, kila alfajiri ya kiangazi. Baadaye nilikwenda mwenyewe gizani, asubuhi nyingi, na balo niliyoiachia ilipanda wima kama moshi wa Mama Chola. Kwa hiyo, Trésor, jibu ni hili: kiangazi, alfajiri, mtu akiwa ameona kwa macho yake, inawezekana. Kama wakubwa wale wangeagiza kweli, kama meli ingefika katika vita vile, hayo siyajui. Najua tu nani aliyewapa sababu ya kuondoka.

Treni za kwenda Kasai nazo zilisimama. Risasi zilianza mjini. Ngalula alibaki kwangu mvua ile, na kiangazi kilichofuata, na mtoto akaanza kutembea ndani ya uzio wangu. Kabeya alituma neno mara nyingine, halafu akaacha. Kujitenga kulipokwisha na njia kufunguka, Ngalula alikwenda. Kabeya alimpokea vizuri, alimpa kiti, na mwanamke mwingine, mke mpya wa nyumba ile, akaleta maji.

Hakurudi Katanga. Alikaa kule kule Mbuji-Mayi, akauza vitambaa, akamlea binti yake. Tuliandikiana kwa sikukuu na kwa misiba. Nilipanda cheo kazini, nilifundisha wengi wenu, na kila nilipoandika upepo wa asubuhi nilimfikiria. Mwishowe kazi ilinipeleka Mbuji-Mayi kufundisha wapimaji wa kule. Nilimkuta dukani kwake sokoni, amenenepa, miwani kwenye pua. Nilikuwa nimebeba maneno yale miaka mingi, nikayatoa yote bila hata kukaa: mpepo, baridi, blanketi, jinsi nilivyomficha neno Ba Mwansa, jinsi alfajiri ilivyokuwa kimya.

Alicheka sana kwa habari ya Mama Chola. Alinifanya nirudie kutetemeka kwake. Halafu alivua miwani.

"Yaya, unanipatia maneno ya upepo juu ya sababu gani?"

"Sababu ile balo ingekuya. Ningesema muzuri, ingekuya, ungefika kwa Kabeya mapema."

"Weye unafikiri mi nilikuwa nangojea balo?"

Nilivuta kiti, nikakaa.

"Ile balo sikuikubali hata siku moja. Mi, na mutoto, mu kikapu?" Alikunja kitambaa kilichokuwa mbele yake, akakikunjua, akakikunja upya. "Baba alikuwa amekufa. Weye ndiye mukubwa. Mwanamuke anatoka mu nyumba ya yaya wake bila kupewa njia? Nilikuwa nangojea unipe njia, basi. Useme tu: Ngalula, enda. Ningeenda na treni, ningeenda na miguu. Kila asubuhi nilikuwa naamuka nasema leo atasema. Weye unaniambia habari ya upepo."

Mteja aliingia akauliza kama kitenge cha rangi ya buluu kinachuja. Ngalula alivaa miwani yake, akasimama, akaenda kumwonyesha.